Kampuni Yaja Kulea Chekechea

Benchi la Mama Régine, muuza kahawa wa mtaa wa Naviundu, lina miguu mitatu. Pembe ya nne imeegemea tairi la lori, na anayekaa huko hafai kubishana kwa mikono. Asubuhi hiyo alikaa huko Papa Lucien, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kahawa ilimpoea mkononi. Mchana kamati ingemngoja yeye aseme neno la mwisho: shule iwape watu wa kampuni moja binafsi madarasa yake ya chekechea, au ibaki na mwalimu wake, Madame Chancelvie? Leo kampuni ilikuwa ikijaribiwa, Madame kapumzishwa nyumbani, na Abigaïl, mjukuu wa Lucien, alikuwa humo darasani. Basi mzee alikuja kutafuta ushauri, na kwenye benchi lile ushauri haujawahi kukosekana.

— Itika tu, père! alisema Donat, mchimba shaba mstaafu wa Kampani, ile ya migodi ya zamani, ambaye wenzake humwita Sirène, yaani king'ora. Kampani njo baba, njo mama. Sisi tulikulaka poso ya Kampani: bunga, samaki, mafuta. Na bana batapewa poso!

— Poso, batoto ba miaka ine? aliuliza Mama Régine.

— Na kofia ya chuma. Na viatu, bote ya mugodi. Sirène inalia, poste, zamu ya asubuhi, inaingia, ya usiku inatoka.

— Batoto ba usiku?

— Haba na haba hujaza kibaba, mama.

Mama Régine akageukia birika lake. Aristote, aliyesoma sheria mwaka mmoja na kuitwa Juriste maisha yote, akarekebisha tai.

— Sirène, unajidanganya. Ile haiko Kampani, iko sous-traitance! Kampuni inapatia ingine kazi, ile nayo inapatia ingine. Mwisho, bana batafundishwa na bana.

— Bana gani?

— Ba grande section, bale bakubwa ba chekechea. Contrat ya miezi tatu. Kama hajui rangi, banamufukuza. Mutoto wa nyoka iko nyoka.

— Nyoka njo nani? aliuliza Lucien, roho juu.

— Hapo sheria inanyamaza.

— Basi batafanya grève, mugomo! Sirène alijipiga kofi pajani. Hakuna kulala mchana mpaka biskuti iongezeke!

— Banaleta baaskari.

— Bana banakojolea baaskari!

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Juriste. Kwa hiyo kila mutoto anapashwa kuwa na bakapita wawili ba kumusimamia.

Lucien alicheka mpaka benchi likainama na kahawa ikammwagikia surualini. Lakini moyo wake haukucheka. Wiki ya kwanza Abigaïl alilia getini hadi majirani wakatoka nje. Kisha siku moja akaingia mwenyewe, kimya. Lucien alimshukuru Mungu, akaenda zake, wala hakuuliza imekuwaje.

Mara akatokea kijana mwenye shati la kampuni, tai imetafunwa ncha, kiatu kimoja kimelowa. Mkononi alimbeba Abigaïl, na Abigaïl alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

— Bonjour bapapa. Banasema huyu iko wa kwenu. Nilimupa biskuti, akapiga nayo mwenzake. Nikaimba, kalasi yote ikalia, mpaka sasa inalia. Pardon, Papa: Madame anafanyaka nini ili anyamaze?

Lucien akampokea mtoto, akamrusharusha, akamwahidi andazi, kilio kikapanda. Mtoto anakula naye sahani moja, anasinzia magotini pake, na babu mwenyewe hajui la kumnyamazisha! Mzee akainuka na mtoto.

— Régine, Madame anakaa wapi?

— Kule chini, ku mto, nyumba ya mulango ya kijani.

— Na réunion ya kamati, Prezida? aliuliza Juriste.

— Njo imeisha, Madame anabaki, alisema Lucien, tayari akishuka mbio na mtoto begani, na kijana wa kampuni akimfuata nyuma kabeba kandambili ya Abigaïl.