Bingwa Aliyekwepa Jumamosi

OPERETA: Duka la Lindqvist? Simu yenu kutoka mjini Ashby. Dakika tatu tu.

HALVOR: Haloo? Nani huyo?

NELS: Mimi, baba. Nels. Shikamoo.

HALVOR: Marahaba, kapteni. [mikwaruzo] Nimesomewa gazeti hapa dukani. Eti nyinyi ndio mabingwa wa ligi ya vyuo ya mpira wa kuangushana!

NELS: Ndiyo, hatujafungwa hata—

HALVOR: Mmecheza mechi ngapi?

NELS: Nne.

HALVOR: Na moja mmewapiga wanafunzi wa kung'oa meno! Chuo cha Kilimo nao hawajafungwa. Mlikuwa mkutane Jumamosi. Nani kaifuta mechi?

NELS: Mimi. Kanuni zinamruhusu kapteni—

HALVOR: Kanuni! Mdogo wako Tor yuko huko Kilimo anakusubiri uwanjani, wewe dume zima unajificha nyuma ya kanuni!

NELS: Kasemaje Tor?

HALVOR: Kaandika anaona haya kuwa ndugu yako. Na mimi naona haya.

NELS: Sawa.

HALVOR: Sawa nini, mtu mzima hovyo? Waambie mnacheza!

NELS: Siwezi.

HALVOR: Unaogopa kunyang'anywa kitambaa cha bendera ya ubingwa!

NELS: Wenzangu wanataka kucheza, baba. Wanataka mno. Wameshapanga... [mikwaruzo]

HALVOR: Wamepanga nini? Paza sauti!

NELS: Mpira ukianza tu, wanashikana mikanda, wanamwangukia mtu mmoja kwa pamoja. Yule mwenye bega bovu.

HALVOR: Bega bo— Nani kawaambia habari ya bega lile?

NELS: Mimi. Tulikuwa tunapiga soga tu.

HALVOR: Mpumbavu wewe.

NELS: Ndiyo, baba. Mwezi uliopita niliona kijana akivunjwa shingo hivyo hivyo.

HALVOR: Si uwakataze? Kapteni gani wewe?

NELS: Nimewakataza, wakacheka. Nilichobakiwa nacho ni kufuta mechi.

HALVOR: Washenzi wakubwa! Wanasomea nini huko, uchinjaji? Tor anajua?

NELS: Hajui. Akijua atang'ang'ania kucheza. Si unamjua?

HALVOR: Namjua.

OPERETA: Muda umekwisha.

HALVOR: Ngoja, dada, ngoja! Nels, mama yako yuko hapa kaunta, na watu wamejaa. Anauliza kwa nini hamchezi.

NELS: Mwambie naogopa.

HALVOR: [anageukia kaunta, kwa sauti kubwa] Ragna! Anasema anaogopa! Ndiyo, mwanao huyo huyo! [kwa sauti ya chini] Nels... umekula lakini?

NELS: Nime—

[simu inakatika]