Nta ya Fundi Kornel

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Tabora mjini, Nzega, Igunga, na nyinyi wa Goweko mnaosikiliza redio moja kijiji kizima. Sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Fundi Kornel, mtengenezaji wa mashine za kupiga chapa, yule wa nyuma ya soko la Tabora. Amefariki Jumatatu, amezikwa Jumatano. Habari zake nimepewa na mkewe, Mama Benedikta, na mpwa wake, Apolinaria. Wote wawili waliniambia, "Sema yote." Basi nitasema yote, hata ya aibu.

Kornel alijifunza kazi jeshini, Nairobi, wakati wa vita vya Hitla. Wenzake walirudi na makoti. Yeye alirudi na bisibisi ndogo ndogo ndani ya soksi. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo. "Na mimi mzigo wangu una herufi," Kornel alikuwa akisema, huku akicheka peke yake. Mashine iliyotupwa stoo, imejaa kutu na mayai ya mende, aliifungua yote, akaiosha kwa mafuta ya taa, akanyoosha herufi moja moja, akaifunga tena. Kengele ikilia mwisho wa mstari, alipiga kelele, "Mgonjwa kaamka!" Misheni walimletea mashine zao. Boma nao wakamletea.

Shida ilikuwa rola, lile gogo la raba linaloshika karatasi. Raba ikizeeka hukauka, karatasi inateleza. Rola mpya ilitoka Ulaya kwa meli, na kuisubiri ni kuchoka. Sasa Kornel, Mnyamwezi wa nchi ya nyuki, akawaza: nta si tunayo? Akayeyusha nta, akaipaka kwenye raba. Ilikuwa Julai, baridi. Karatasi ikashika vizuri kabisa! Watu wakamsifu, naye sifa hakuzikataa. Akapaka nta mashine za watu wengi.

Mojawapo ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima wa tumbaku. Aliyeipiga ni Apolinaria, mtoto wa dada yake, msichana wa Goweko aliyesomeshwa na masista. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ile, akatamba nayo mtaa mzima.

Oktoba ikafika. Jua la Oktoba la Tabora, chini ya bati, mnalijua. Nta ikayeyuka. Ikachuruzika ndani, ikanasa vumbi, herufi zikagandana. Na ilikuwa wiki ya mkutano mkuu! Katibu wa chama, Bwana Justus, akaja juu. "Binti, ulikuwa unakula asali juu ya mashine?" Maana baba yake Apolinaria ni mrina asali, na binti alizoea kuwaletea asali pale ofisini. Na Justus mwenyewe alikuwa akiila, msidhani.

Fundi akaitwa. Ofisi imejaa wajumbe. Kornel akatia kidole, akanusa. Akajua. Wasikilizaji wapendwa, alijua palepale kuwa ni nta yake. Akawaza: nikisema kweli, kesho misheni na boma watanirudishia mashine zote, na jina langu limekwisha.

"Ni nini, fundi?" Justus akauliza.

"Ni asali," akasema Kornel.

Wajumbe wakacheka. Apolinaria ameniambia hivi: "Mimi ni mtoto wa mrina. Harufu ya nta naijua tangu nabebwa mgongoni. Lakini yule ni mjomba. Nimwambie mbele za watu kuwa anasema uongo? Nikainamisha kichwa." Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Sokoni wakambandika jina, Kidole cha Asali. Akapanda treni, akarudi Goweko, akajifungia kwa mama yake.

Na Kornel je? Aibu ilimvaa. Mama Benedikta anasema, "Chakula alikuwa anakitazama tu. Nikimuuliza, ananiambia tumbo. Tumbo gani hilo, jamani, mwaka mzima?" Akaikwangua nta kwenye mashine zote, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Hapo ndipo ninapomlaumu marehemu, mniwie radhi. Mashine zilipona, mtoto wa watu bado anaitwa Kidole cha Asali.

Hata Jumapili moja akapiga moyo konde. Akapanda treni na mashine aliyoifufua kwa mikono yake, akashuka Goweko, akaenda moja kwa moja kanisani. Watu walikuwa wanatoka misa. Apolinaria alipomwona mjomba wake, akataka kupiga goti amwamkie. Kornel akamwahi. Akaweka mashine chini, akapiga goti yeye, mzee mzima, vumbini.

"Shikamoo, Apolinaria."

Lo! Mjomba amwamkie mpwa wake? Wanawake wakashika vinywa. Mmoja akasema, "Kornel, umerukwa na akili?"

"Sijarukwa. Haikuwa asali. Ilikuwa nta, na niliipaka mimi. Mtoto huyu nilimsingizia."

Akabaki palepale chini, anangoja kuitikiwa. Apolinaria alishindwa. Marahaba ya kumpa mjomba wako utaitoa wapi? Akajifunika uso kwa kanga, akakimbia.

Baadaye alirudi Tabora, na mjomba akamfundisha ufundi. Wakafanya kazi meza moja mpaka majuzi. Kila asubuhi Apolinaria alisema, "Shikamoo, mjomba." Na kila asubuhi Kornel alitazama chini, akajibu, "Nimekusikia, mama." Marahaba hakuitamka. Wateja walidhani ni jeuri ya uzee. Haikuwa jeuri. Aliona haistahili kutoka kinywani mwake.

Mama Benedikta, Apolinaria, na ukoo wote, poleni sana kwa msiba huu. Mungu ampokee fundi wetu. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni nani aliyebeba lawama yetu, nasi tunapishana naye njiani kila siku, tunamwuliza habari za nyumbani?

Nilikuwepo mazikoni Jumatano. Jeneza liliposhushwa, Apolinaria alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, mafuta ya mashine bado yako kwenye kucha zake. Akainama, akasema kwa sauti, sote tukasikia:

"Marahaba, mjomba."