Misuko Iliyopinda ya Shangazi Wakili

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, wakili wetu, Shangazi wa ofisi nzima, anastaafu. Kamati ilitafuta mwandishi wa wasifu huu, ikaniangukia mimi dereva, na haikukosea. Shule niliipita kwa mwendo kasi, lakini nchi saba nimetembea na mabalozi nimewapakia. Mtu kama huyu sijapata kumpakia.

Alipoanza, mahakama nzima ilikuwa na wakili mwanamke mmoja: yeye. Siku ya kwanza wenzake wakamtuma chai. Akaileta, akainywa mwenyewe mbele yao, kisha akawashinda kesi.

Shida ilikuwa wateja. Mke akionekana mlangoni kwa wakili, nyumbani hakukaliki. Basi Shangazi akahamia chumba cha nyuma cha saluni, akaanza kusuka. Kichwa kimoja, masaa matatu. Mtu anamwaga yake yote, na mume haulizi kitu. Ila jamani, kusuka hakujui! Mistari yake ilikwenda kama mimi nikikwepa mashimo.

Ikawa nongwa. Kulikuwa na mjane, fundi cherehani, ambaye mashemeji zake walitaka kumtoa katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Wakagundua kwamba kila mwenye misuko iliyopinda katoka kwa wakili. Wakaapa: akirudi nayo, vyombo vyake vitalala nje. Kesi ilikuwa wiki ile ile, na maelezo aliyokuwa akimpa Shangazi yalikuwa hayajaisha. Mjane akanywea.

Wanawake wa mtaa waliposikia, asubuhi foleni ya saluni ikafika barabarani. Walikuja mabinti, wakaja mawifi, na mwisho akaja mama mzazi wa mashemeji wenyewe, akavua kitambaa, akasema mvi zake nazo zipindwe. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umepinda. Wamtoe nani, wamwache nani? Mjane akamaliza maelezo yake, akashinda, na cherehani yake inanguruma humo humo hadi leo. Gauni la kuagia la Shangazi kalishona yeye.

Leo tuna mawakili wanawake kumi na mmoja, wote wamepita mikononi mwake, na wote siku ya kumuaga watasukwa naye. Mimi nina upara; Shangazi husema Mungu aliniepusha mapema.

Asante, Shangazi. Tunakuombea afya tele, wajukuu watundu na usingizi hadi jua likuamshe. Ukichoka kupumzika, saluni ipo pale pale, na vichwa tunavyo.