Kitabu Kimoja, Vipande Vitatu

Ukitoka lango la nyuma la kiwanda cha kufulia, pale mabomba yanapotemea mvuke barabarani, hatua ishirini tu unakutana na benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Hapo ndipo Kiingereza kilipokuwa kikifundishwa mtaani, na usicheke, maana walimu ndio hao hao wanafunzi. Alikuwepo Refa, fundi viatu, aliyechezesha mechi za mitaa mpaka goti likamgomea. Alikuwepo Mzee Kilomita, dereva wa lori mstaafu, ambaye safari zake zinarefuka kila akizisimulia. Alikuwepo Kikombe, muuza kahawa, mtu anayejua kila kitu isipokuwa lini anyamaze. Na alikuwepo Boila, mama wa watu, anayewasha boila la kiwanda, lile tangi la kuchemshia mvuke, na kulitunza, mwaka wa kumi na nne sasa. Kitabu chenyewe mteja mmoja alikisahau ndani ya begi lililoletwa kushonwa zipu, akasema kitupeni. Kilikuwa na sehemu tatu: maisha ya kila siku, michezo, na safari. Refa akakikata kwa kisu cha ngozi. Boila akachukua maisha ya kila siku, Refa michezo, Kilomita safari, na Kikombe, kwa kuwa alikuwa ameenda kuchota maji, akakuta limebaki jalada. Walikubaliana kubadilishana kila mwezi. Miezi saba ilishapita na hakuna aliyeachia chake.

Jumatano hiyo Boila alifika saa tisa na nusu, sare ya kazi bado mwilini. Kikombe alimjazia kahawa. Hakuigusa, wala hakukaa.

— Leteni vipande vyenu, alisema. Vyote viwili. Leo.

— Kwema huko? aliuliza Kilomita.

— Si kwema. Yule meneja mpya kabandika tangazo. Kila mwendesha mtambo kesho saa mbili, kabla mtambo wowote haujawashwa, akae mbele yake asome ukurasa wa Kiingereza na ajibu maswali. Anayeshindwa anahamia kukunja mashuka.

— Ukurasa unahusu nini?

— Hasemi. Nimemfuata karani wake, ananijibu mambo ya kawaida tu, sijui ya nyumbani, sijui mpira, sijui kusafiri. Sasa mimi nina theluthi moja ya mambo ya kawaida. Theluthi mbili mmezikalia nyie.

Refa alijisogeza kidogo, maana chake alikuwa amekikalia kwelikweli, kilainishe ubao.

— Shemeji, alisema, kwa kuwa mkewe ni mdogo wake Boila. Ungeniomba kitu kingine. Niko katikati ya mechi.

— Mechi hiyo hiyo?

— Dakika ya themanini na moja. Ni sare, bao moja kwa moja.

— Unaisoma tangu mvua hazijaanza.

— Kuna wachezaji wameumia, mchezo ulisimama. Na mimi sisomi ovyo kama wengine. Halafu nikwambie kitu, Kiingereza kizima ni mashindano. Usihangaike na kurasa zote. Mtihani wowote ule unauliza mambo mawili tu, nani kashinda na nani kashindwa. Ukishamjua aliyeshindwa, umemaliza.

— Na ukurasa ukiwa wa mama anayepika?

— Atakuwa kashinda au kashindwa. Chakula kimeiva au kimeungua.

Mzee Kilomita alikohoa kidogo, kama anavyofanya kabla ya kuchukua barabara yote.

— Refa anakupotosha, mwanangu. Hebu jiulize, wenye lugha yao walikaa kwao? Hawakukaa hata siku moja. Lugha yao imetengenezwa njiani. Ndiyo maana ukiisoma umekaa, haiingii. Mimi kipande changu nakisoma natembea, nazunguka hiki kibanda mara kumi na mbili, na kila mzunguko linaingia neno.

— Tumekuona, alisema Refa. Wateja wangu wanadhani umepoteza kitu.

— Kuna ukurasa mmoja niliusoma nimebebwa na mjukuu wangu nyuma ya baiskeli, kwenye mashimo. Mpaka leo hautoki kichwani.

— Unasemaje? aliuliza Boila.

— Gari moshi limechelewa.

— Ehe. Halafu?

— Halafu wanasubiri.

— Wakishafika?

— Kufika kuko kwenye kipande chako, alijibu Kilomita bila aibu yoyote. Changu ni cha njiani.

Sasa hapo mwenye akili zake angenyamaza, lakini Kikombe alikuwa keshatoa jalada mfukoni. Alilikunjua gotini. Picha ilikuwa ya mwanaume mmoja anayecheka mbele ya nyumba.

— Nyie mnasumbuka na maneno, alisema Kikombe. Mimi miezi saba namwangalia huyu. Tazameni taya lake. Kiingereza ni taya. Sisi tunaongea taya limefungwa ndiyo maana kinakwama. Kahawa yangu ikiwa ya moto sana, mteja akipiga funda, taya linafunguka lenyewe, na mara mbili kwa masikio yangu nimesikia mtu ananitukana kwa Kiingereza safi, mtu ambaye hajaenda shule.

— Alikuwa anaungua, alisema Refa.

— Aliungua kwa Kiingereza.

Wakacheka, hata Kilomita. Boila hakucheka. Asikudanganye mtu, alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa umevaa hasira ili usionekane. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipolala kitandani na hakuna wa kumgeuza. Kusoma Kiingereza alijifundishia kwenye chumba cha boila, kipande cha kitabu mkono mmoja, jicho moja kwenye saa ya presha. Mvuke ukipanda, naye alikuwa ameshasoma nusu ukurasa. Alimjua yule mwanamke wa kitabuni kama jirani: anaamka, anachemsha maji, anagombana na mwenzake kwa sababu ya mbwa, anapatana naye. Alipomaliza mara ya kwanza alilia kidogo kwa furaha, peke yake, na hakumwambia mtu. Na leo mtu wa wiki tatu anabandika karatasi kumwambia kwamba hajui kitu.

— Shemeji, mbona rahisi tu, alisema Refa. Kesho sema unaumwa tumbo. Mtihani utapita.

— Siumwi.

— Basi nenda kamwombe, alisema Kilomita. Mwambie miaka kumi na nne si mchezo. Mlilie kidogo.

— Siombi. Silii. Kwani nimeiba? Nitaingia na nitasoma. Akileta mpira nitasoma mpira, akileta ndege nitasoma ndege. Ndiyo nasema leteni vipande, na mkinikatalia nitavichukua, na wewe Refa goti lako bovu hutanikimbiza.

Refa aliangalia goti, akaangalia mikono ya Boila, inayofungua vali za mvuke kila siku ya Mungu. Hakuinuka.

Wakati huo pembeni alikuwa amesimama mama mmoja, kiatu cha mwanawe mkononi, soli inaning'inia. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amekuja kutafuta fundi, akakuta fundi yuko bungeni, akasubiri kwa adabu. Sasa aliona nafasi.

— Samahanini, alisema. Kwanza shikamoo mzee.

— Marahaba, alisema Kilomita.

— Mimi Kiingereza sikijui, msinicheke. Lakini huyu dada akipelekwa kukunja mashuka, hilo boila nani ataliwasha?

Kikombe alimwaga kahawa kwenye kikombe kilichokwishajaa. Kilomita alianza kusema, "Si yupo yule," akakumbuka kwamba yule, mwenzake Boila wa zamu, alistaafu mwaka jana akarudi kwao, na nafasi yake haikujazwa.

— Labda meneja mwenyewe, alisema Kikombe hatimaye.

— Meneja hajui hata mlango wa chumba cha boila unafungukia wapi, alisema Boila taratibu. Akaendelea, kama mtu anayejisikiliza: Kwanza unaangalia maji kwenye kioo. Unaacha feni ipulize moshi wa jana mpaka utoke wote, usiwe na haraka, maana hapo ndipo watu wanapolipuka. Ndiyo unawasha. Likianza kupiga mluzi unapunguza vali ya pembeni robo, si nusu. Hiyo haikuandikwa popote. Hiyo iko kwangu.

— Basi mwulize, alisema yule mama. Kama nilivyouliza mimi.

— Hajibu Kiswahili huyo. Tangu aje, ukimsalimia kwa Kiswahili anapita kama hajasikia.

— Mwulize kwa hicho chake.

Boila alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu afike. Alitoa kipande chake ndani ya sare, akakiweka juu ya sanduku la Refa kati ya gundi na misumari.

— Neno la kuwasha ninalo, alisema. Yule mwanamke wangu anawasha jiko kila asubuhi. Na mashuka ninayo. Ila sina namna ya kusema mtu kutoka, mwingine kuingia nafasi yake.

Refa alijiinua upande mmoja, akavuta kipande chake chini, akakipiga kofi vumbi litoke.

— Hilo liko dakika ya sitini na tano, alisema. Namba nane anatoka, namba kumi na nne anaingia. Lakini shemeji, ukurasa ule wa mwisho usinisomee kwa sauti. Sitaki kujua matokeo.

— Na neno la kesho asubuhi? aliuliza Boila, jicho likienda kwa Kilomita.

Mzee aliangalia barabara, kana kwamba kuna lori lake linakuja kumwokoa. Halikuja. Akatoa kipande kwenye koti.

— Kesho asubuhi iko kituoni, ukurasa wa tatu. Ndipo gari moshi linapoondoka.

Viatu havikushonwa jioni ile. Mara ya kwanza kwa miezi saba kitabu kilikuwa mahali pamoja, na wale watu wazima waliinamisha vichwa juu yake wakibishana neno kwa neno, Refa akitaka liwe fupi, Kilomita akitaka liende mbali. Boila ndiye aliyekata. Aliandika nyuma ya karatasi ya gundi, akafuta, akaandika tena. Yule mama aliyeshika kiatu aliombwa aketi awe meneja, na akawa meneja mkali kweli. Boila alisimama mbele yake akamwuliza swali lile mara ishirini. Walipoagana alibeba vipande vyote vitatu, na hakuna aliyethubutu kuuliza vitarudi lini.

Alhamisi aliwakuta wanamsubiri. Hata yule mama alikuwepo, eti kafuata kiatu.

— Ukurasa ulikuwa wa nini? Kilomita alimdaka kabla hajafika.

— Uwanja wa ndege. Mtu kapoteza begi.

— Nilisema. Nilisema mimi, safari.

— Umefaulu? aliuliza Refa.

— Maswali manane, nimejibu saba. La nane sikulielewa, nikaandika sijui. Matokeo Jumatatu.

— Na lile swali letu?

Boila alipokea kahawa, akaketi katikati, wakambana pande zote mbili.

— Nilipomaliza akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nina la kuuliza. Nikasimama. Nikamwuliza: kesho asubuhi mkinitoa, nani anaingia nafasi yangu kuwasha boila?

— Lote? aliuliza Kikombe.

— Lote, mpaka mwisho. Akamwangalia karani. Karani akaangalia dari. Nikadhani hajasikia vizuri, nikarudia polepole, kama unavyomrudia mtu aliye mgeni wa lugha.

— Akajibu?

— Alipekua makaratasi yake mpaka nikaanza kumwonea huruma. Halafu akaangalia saa. Akasema, "Mama, hebu nenda kawashe. Mashuka ya hospitali yanasubiri. Haya mengine tutazungumza."

Refa alisogea karibu.

— Kwa Kiingereza?

— Kwa Kiswahili, alisema Boila. Kizuri tu. Sikujua kama anacho.