Siku Nilipomwiga Mwalimu wa Malakisi

Laiti ningesema hapana. Mkuu wetu wa chuo aliponiambia, "Inuka, hebu utuigizie yule wa Malakisi," ningebaki kwenye kiti changu. Lakini niliinuka, nikavuta koti begani, nikashika chaki. Wapendwa, yote nitakayowaeleza leo yalianzia hapo.

Wengine mmeninong'oneza mlangoni, "Mzee, ya zamani yaache." Siachi. Mmenialika nishuhudie, na nitashuhudia nikiwa nimesimama. Majina sitayataja. Mwenye kosa yuko hapa mbele yenu.

Ilikuwa Kitale, miaka ya themanini. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha uongozi mameneja wa vyama vya ushirika, vya mahindi na vya maziwa. Tulifundisha vile tulivyofundishwa: mwalimu anasema, wengine wanaandika. Ndipo tukaletewa semina yetu sisi walimu. Viti vikapangwa duara. Tukaambiwa mwalimu asijifanye kisima cha majibu. Aulize, asikilize, aigize na wanafunzi matatizo ya kazi yao. Basi tukaagizwa tuanze wenyewe, tuonyeshe mwalimu anayeshindwa darasani.

Mwenzangu wa Malakisi alikuwa ameketi kando yangu. Tulilala chumba kimoja na kunywa chai ya birika moja. Alikuwa na tabia moja: akiulizwa swali gumu, alifumba macho, akashika paji la uso, kisha akasema polepole, "Ngoja kwanza. Tutafute pamoja." Nilizoea kumwiga chumbani, naye akicheka mpaka anamwaga chai. Lakini chumbani si darasani, ndugu zangu.

Nilifumba macho. Nikashika paji. "Ngoja... ngoja kwanza... chaki yangu iko wapi? Tutafute pamoja!" Na chaki iko mkononi.

Watu walivunjika mbavu. "Ni yeye kabisa, bana!" "Ongeza, mwalimu, ongeza!"

Nikaongeza. Mwenzangu naye alicheka, halafu nikaona kicheko kimebaki mdomoni peke yake. Machoni hakikuwepo. Na nawaambia, hakuna mtu kwenye lile duara aliyeng'amua kwamba tulikuwa tukimcheka mwalimu pekee aliyekuwa akifundisha vile tulivyokuja kufundishwa.

Jioni aliniuliza, "Kumbe ndivyo mnavyoniona?"

"Aa, usikasirike. Si ilikuwa utani tu?"

Utani tu! Mpaka leo kuna wanaonitetea kwa neno hilo, na mimi nakataa kutetewa. Watani nawajua, nimekua nao. Mtani anakuambia usoni na wewe unamjibu. Mimi nilimwachia nafasi gani ya kujibu?

Mchezo ule ulitoka semina ukaingia madarasani. Kabla hajafungua mdomo, wanafunzi walifumba macho na kushika mapaji. Kwanza akaacha kuuliza maswali. Kisha akaacha kazi, akarudi kwao kulima tumbaku.

Mimi jina langu lilipanda. Kila semina niliitwa: "Mleteni yule wa vichekesho." Nikasahau kufundisha. Siku moja meneja kijana kutoka Naitiri alisimama, uso umekunjamana. "Mwalimu, wanachama wangu hawaniamini tena. Nikisema ukweli wanazomea, nikinyamaza wanasema nimekula pesa zao. Nifanye nini?" Nikatania, darasa likacheka, kengele ikalia. Alinifuata nje akasema, "Nilikuja na swali, narudi na kicheko."

Hilo lilinichoma, na nikalizima kwa pombe ya busaa. Nikaanza kuingia darasani nikinuka. Chuo kikaniambia niende nyumbani, na nikaenda, nikakaa kwetu Matulo nikinywa na kuwachekesha walevi. Mke wangu alisema mara moja tu: "Umechekesha watu wote. Hapa kwako nani anacheka?"

Miaka ya tisini ilikuwa imeshaingia wakati mama mmoja, mwalimu mwenzetu wa zamani, aliponijia shambani. Alikuwa akiongoza semina ya walimu wa mameneja pale Bungoma.

"Njoo, mwalimu. Lakini unakuja kujifunza, si kuchekesha."

"Mimi nijifunze? Na mvi hizi?"

"Basi kaa na mvi zako."

Akageuka aende. Nilimkimbilia njiani, ndugu zangu, na viatu vyangu vya matope!

Pale Bungoma viti vilikuwa duara vilevile. Kila mmoja alifundisha kidogo, wenzake wakijifanya mameneja. Zamu yangu ilipofika, mkono mmoja uliinuka. "Mwalimu, wanachama wangu hawaniamini tena. Nifanye nini?"

Swali la Naitiri! Aliyeuliza hakujua chochote. Waliokuwa wakinifahamu walishaanza kutabasamu, wakingoja kichekesho. Sikuwa na jibu, na safari hii sikutaka kulificha hilo. Nikafumba macho. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Sijui. Tutafute pamoja."

Mmoja akaangua kicheko. "Anamwiga yule wa Malakisi!"

"Simwigi," nikamwambia. "Namfuata. Na wewe ukitaka kucheka, toka nje ucheke na miti."

Kisha mzee mmoja akasema, "Mimi ningewaita wanachama wenyewe wapime mahindi." Mwingine akampinga. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na jibu likapatikana, jibu zuri ambalo peke yangu nisingelipata. Tangu siku hiyo busaa sijaigusa, na nilifundisha hivyo mpaka nikastaafu.

Namshukuru yule mama aliyenipa mgongo ili nimkimbilie. Namshukuru mke wangu kwa swali lake. Namshukuru Mungu aliyenisimamisha.

Nilikwenda Malakisi. Nilimkuta mwenzangu akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti.

"Umekuja kuniigiza tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Na kukuita. Bungoma wanakuhitaji."

Alifunga jani jingine. "Nimekusamehe zamani. Chai utakunywa. Lakini darasani usiniite. Nikiona watu wamekaa kunitazama, nasikia kile kicheko."

Nyinyi mnaofundisha, msimfanye mwenzenu kuwa mfano wa kushindwa. Mkuu wenu akiwaambia inukeni, mkatae. Atakasirika, na atazoea.

Sasa niwaambie nilichopoteza, nisije nikashuka hapa mkanisifu kwamba nilipona. Mimi nilirudi darasani, yeye hakurudi kamwe. Tulipomzika, maisha yake yalisomwa mbele ya watu: alizaliwa, alioa, alilima tumbaku. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa mwalimu.