Kaseti ya Kumi na Tatu

Garsen ina mahali pengi pa kukaa, lakini wenye maneno hukaa kwenye gogo la Barnabas. Mafuriko ya Elinino yalilibeba gogo hilo kutoka huko juu, hakuna ajuaye wapi, yakalibwaga mbele ya banda la video. Watu ambao maji hayakuwabakishia kitu wakasema basi, hili angalau tulikalie. Asubuhi moja ya Juni, mwaka wa tisini na nane, walikuwapo wanne. Barnabas, mwenye banda, ambaye watu humwita Rimoti. Jefwa, fundi cherehani, huitwa Wakili kwa kupenda kesi zisizomhusu. Bonaya, mfugaji wa Kiorma, aliitwa Tajiri alipokuwa na zizi lililojaa. Sasa amebaki na ng'ombe wanne, na jina halijamwacha. Wa nne ni Hulda, na kikapu chake cha ndizi miguuni. Kahawa ilikuwa ya Mukhtar, ambaye humimina na kunyamaza.

Hulda ni mama yake Elvis, na habari ya Elvis lazima niieleze mapema, maana bila yeye hakuna mazungumzo. Kabla ya mafuriko, Barnabas alikuwa akionyesha katuni ya Kijapani, kaseti moja kila Ijumaa. Sisi watazamaji hakuna aliyejua lugha ile. Elvis alikuwa akiizima sauti, anasimama kando ya televisheni na fimbo yake, anawasemea wote: Binti aliyebebwa na kisiwa chenye miguu, mama yake anayemfuata nyuma kwa miguu, hata kisiwa chenyewe. Kaseti kumi na mbili zikapita hivyo, banda limejaa hadi mlangoni. Halafu Novemba Elvis akapanda mashua ya unga kuwapelekea watu wa Ozi, huko chini mtoni, waliozingirwa na maji. Mashua ikaonekana karibu na Golbanti, imepinduka. Elvis hakuonekana.

Tangu siku hiyo Hulda hajakosa mashua hata moja inayotoka chini. Huteremka mtoni, akauliza, akarudi. Watu wamekuwa wakimwita Mama tu, jina la mtoto wanalimeza. Na mchungaji amemwambia kwa upole kwamba Jumamosi hii angependa kufanya ibada ya kumuaga marehemu, ila anataka jibu lake leo. Jibu hilo Hulda hakuwa nalo. Alikuja kukaa gogoni ili asiwe nyumbani mchungaji akipita.

Barnabas alikuwa na kifurushi cha gazeti mapajani.

— Imekuja na lori la Mombasa, akasema. Ya kumi na tatu. Ya mwisho. Sasa nani ataisema?

— Kabla ya nani ataisema, Jefwa akajibu, tuulize kama inastahili kusemwa. Mimi hadithi ile nina mashtaka nayo.

— Ulikuwa unakaa mstari wa mbele, Wakili, Barnabas akasema.

— Shahidi hukaa mbele. Sikilizeni. Kaseti ya pili mvua inanyesha kwenda juu, kaseti ya tano inanyesha kwenda chini, na hakuna anayeshangaa. Samaki anaoa. Binti anavaa kiatu kimoja kutoka mwanzo, na cha pili hakuna anayekiuliza. Hadithi gani hiyo haina sheria? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ile imetiwa maji mpaka pomoni.

— Sasa hapo mgema anaingiaje? Barnabas akauliza.

— Anaingia na maji.

Bonaya alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

— Mimi nasema hivi, akaanza. Uzuri yake ni hiyo kisiwa. Wewe Wakili wewe hujachunga, ndiyo maana hujui. Hiyo ni ng'ombe. Inatembea kwa sababu inatafuta majani. Wale watu juu yake ni kupe tu, wanafikiri wanasafiri.

— Si ng'ombe, ni serikali, Jefwa akasema. Inakubeba bila kukuuliza, na ukitaka kushuka huioni miguu.

— Na kaseti zenyewe, Barnabas akaingilia, mmefikiria kama zilipangwa sawa? Namba niliziandika mimi, kwa kalamu, maana yale maandishi ya Kijapani siyajui. Huenda ile ya tatu ndiyo mwisho. Huenda mwisho tulishauona zamani, tukacheka, tukaenda kulala.

Mukhtar akaanza kuwaongezea kahawa.

— Mimi nimefikiri sana, Bonaya akasema, na sasa hakuwa akimtazama mtu. Maji ilipochukua ng'ombe yangu nilikaa juu ya mti siku mbili, nikafikiri hiyo hadithi. Yule Binti hajala hata siku moja. Kaseti kumi na mbili, hajala. Mimi nasema alikufa kaseti ya kwanza. Mama yake anafuata maiti.

Mukhtar akaacha kumimina. Barnabas akamkanyaga Bonaya mguu, taratibu, na Bonaya akaelewa alichosema.

— Nisamehe, Mama Elvis.

Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita hivyo. Hulda akapanga ndizi zake upya, zile za juu akaziweka chini. Iliuma, sitasema haikuuma. Lakini liliuma zaidi lile lililofuata, na Jefwa alilisema kwa nia njema, kutaka kufunika.

— Haya, nikubali uzuri mmoja, akasema. Kaseti ya nne. Yule ajuza mwenye uso wa kobe anamwambia Binti: "Ukipotea, kaa chini pale ulipo. Anayekutafuta anatembea, mkitembea wote wawili mtapishana." Maneno hayo nimewafundisha watoto wangu. Wajapani wana hekima, lazima tuseme ukweli. Sisi huku nani angefikiri neno kama hilo?

Hulda akayasikia maneno yale yakitoka kinywani mwa fundi cherehani. Alijua yalikotoka. Angewaambia pale pale, lakini akawaona walivyoyashika, akaogopa kuwanyang'anya.

Hapo ndipo alipofika dereva wa lori, Jibril, mtu wa Madogo, anasubiri gurudumu lake lizibwe. Alikuwa amewasikiliza akiwa pale kwa fundi wa magurudumu. Akaomba kahawa, akakaa ukingoni mwa gogo, na kwa kuwa hakumjua mtu, akauliza.

— Huyo aliyekuwa akiwasemea hizo kaseti za kwanza, Kijapani alijifunza wapi?

Barnabas akaangalia kifurushi. Bonaya akaangalia kikombe. Watu wazima, kaseti kumi na mbili, na swali hilo halikuwahi kumpitia hata mmoja kichwani.

— Hakujua, Hulda akasema.

Wote wakageuka.

— Hakujua hata neno. Alikuwa anaiangalia hapa Alhamisi, halafu anakuja jikoni kwangu nikiwa napara samaki. Ananiuliza, mama, mtu aliyeachwa na kisiwa angesema nini? Mama yake angejibu nini? Mimi namjibu, naendelea na samaki wangu. Na yale ya kaa chini pale ulipo ni yangu. Nilimwambia akiwa na miaka sita, aliponipotea siku ya mnada.

Jefwa akavua kofia, akaiweka gotini.

— Basi hekima ni ya hapa, akasema.

— Ni ya jikoni.

Bonaya akakichukua kile kifurushi mapajani mwa Barnabas, akakiweka juu ya kikapu cha ndizi.

— Ya kumi na tatu sema wewe, Mama Elvis.

Hulda akakigusa. Gazeti lilikuwa la mwaka jana, limekunjamana. Alimkumbuka kijana wake na fimbo yake, akibadilisha sauti, nyembamba ya Binti, nzito ya kisiwa, na ile ya mama, ambayo ilikuwa sauti yake yeye Hulda, kila mtu alicheka ila yeye.

— Nitaisema, akasema. Ijumaa.

— Na watakutana? Jefwa akauliza, polepole, si kama wakili. Binti na mama yake?

— Hapana. Mtoto alifanya alivyoambiwa. Amekaa pale alipo. Mimi ndiye natembea, na nimetembea vya kutosha.

Akainuka, akajitwika kikapu na kaseti juu yake. Kule mtoni mashua ilikuwa ikifika kutoka chini, watu wanaitana, na yeye akageukia njia ya nyumbani.

— Jefwa, ukipita kanisani, mwambie mchungaji Jumamosi ni sawa.