Mlio wa Nyuma, Kushoto

Kisa hiki Fundi Waya alimsimulia kwanza mkewe, mtunza daftari la ukoo, Jumamosi ya tatu baada ya mafuriko, saa kumi alasiri, kabla hata hajanawa mikono. Asubuhi ile alikuwa amelipeleka gari la dada yake kwenye kona ya kinyozi, penye benchi la miguu mitatu na tofali, birika la kahawa na muuzaji wake, na watu watatu wasiokosa: Mkasi ambaye ndiye kinyozi mwenyewe, Gundi mshona viatu, na Karani, mstaafu mwenye methali nyingi kuliko meno. Siku ya mafuriko dada alikuwa kwenye usukani, watoto kiti cha nyuma, na gari lilipokwama mumewe alishuka kulisukuma, mkono wake kwenye kona ya kushoto ya bampa. Gari likapanda tuta. Dada alipotazama kioo, nyuma palikuwa na maji tu. Shemeji hakuonekana tena, wala mwili wake. Tangu hapo gari likiwekwa rivasi lilipiga kelele kwamba nyuma kushoto kuna kitu. Kila alasiri dada aliingia garini, akaweka rivasi, akasikiliza. Watoto walikuwa wakila kwa jirani. Alipompa mdogo wake ufunguo alisema maneno machache: “Angalia ni nini. Usizime.” Waya akajibu, “Sawa, dada.”

— Haya, weka rivasi tusikie, alisema Mkasi.

Waya akafungua swichi bila kuwasha injini, akaweka gia. Piiiiii! Mlio mmoja usiokatika, ule wa kitu kilichokaribia kuguswa.

— Mama yangu! Gundi akainua miguu. Kuna mtu!

— Yupo, alisema Waya. Ni wewe na tumbo lako. Mmekaa nyuma ya gari wote watatu, halafu mnataka linyamaze?

Wakacheka, wakabeba benchi hadi pembeni. Tofali likasahaulika, Karani akarudi kulifuata. Waya akaweka rivasi tena.

Piiiiii!

— Na hapo je, tumbo la nani? akauliza Gundi.

Safari hii hakuna aliyecheka.

— Ni maji, alisema Waya. Hizi duara nne kwenye bampa ndizo sensa, macho ya gari. Moja ikiingia maji, inaona kisichokuwepo.

— Mimi jicho likiingia maji sioni kitu, alisema Karani. Hii yako imezidi kuona. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.

— Hiyo ni methali ya umbea, mzee, alisema Waya.

— Kwani hapa tunafanya nini?

Waya akachuchumaa, akagusa sensa moja moja kwa ncha ya kidole. Sensa nzima hutetemeka kidogo sana, kama mshipa wa mkononi. Ya kwanza ilitetemeka. Ya pili, ya tatu. Ya kushoto nayo ilitetemeka, na hilo ndilo lililomkera, maana alitegemea kuikuta imekufa. Akaichomoa, akaipachika kulia, na ya kulia akaileta kushoto. Kama ugonjwa ni wa sensa, mlio ungehama nayo.

— Mkasi, kaa kwenye usukani. Kioo cha dashibodi kinasemaje?

— Kulia kimya. Kushoto palepale.

— Umehamisha mdomo, maneno yamebaki, alinong'ona Gundi.

— Washa injini. Rudi nyuma, taratibu. Umbali?

— Sentimita thelathini.

Gari likarudi hatua moja.

— Sasa?

— Thelathini.

Hatua nyingine.

— Sasa?

Mkasi alisogeza uso karibu na kioo.

— Fundi, kinatembea na sisi.

Akazima injini, akatoka, akajifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. Muuza kahawa aliwajazia vikombe bila kuombwa.

— Maji hayasahau, alisema Karani. Unaweza kuziba mfereji miaka ishirini, siku yakirudi yanapita palepale. Gari limekunywa maji yale. Basi limekunywa na yaliyokuwemo.

— Na mgeni ni siku mbili, alidakia Gundi, ya tatu mpe jembe. Huyu ana wiki tatu!

— Jembe alime nini, bampa? aliuliza Mkasi.

— Nisikilizeni, bwana. Gundi akashusha sauti. Siku ile alikuwa anasukuma gari liende wapi?

— Mbele.

— Basi. Halilii mkienda mbele. Linalia mkirudi nyuma. Ukirudi nyuma unamkanyaga.

Waya alijua kwamba sensa za nyuma hufanya kazi kwenye rivasi peke yake, kwa kila gari, na alikuwa na maneno ya kulieleza hilo. Hayakutoka. Alikuwa anamwona dada yake uani, alasiri ishirini, akirudi nyuma.

— Mficha maradhi, Karani alianza, kifo… Akanywa kahawa badala ya kumalizia.

Waya akafungua bampa. Alifuata waya wa kushoto hadi kwenye soketi, akaifungua: tope limeganda ndani, na kutu ya kijani imeziunga pini pamoja. Hapo ndipo mlio ulipokuwa ukitoka. Alikuwa ameambiwa aangalie, na alikuwa ameshaangalia. Angeweza kuifunga kama ilivyo. Aliwafikiria watoto kwenye meza ya jirani.

— Niletee mashine yako ya kukaushia nywele, alimwambia Mkasi.

Alisugua pini kwa mswaki na spiriti, akazikausha, akapaka grisi, akafunga bampa. Rivasi. Kimya. Gundi akapita nyuma, ikalia pi, pi, pi, akaondoka, ikanyamaza. Hakuna aliyempongeza.

Dada alikuja kwa miguu. Hakuwa amewahi kufika kwenye benchi lile.

— Karibu dada, pole na safari, alisema muuza kahawa.

— Asante.

Aliingia garini, akafungua swichi, akaweka rivasi, akasubiri. Akatoa gia, akaiweka tena. Kisha akateremka, akazunguka nyuma, akasimama kwenye kona ya kushoto, akaunyoosha mkono hadi kwenye bampa. Pi, pi, piiiii. Akarudi nyuma hatua mbili. Kimya.

— Dada, ilikuwa kutu tu, alisema Waya. Kwenye soketi. Ningekuonyesha, ila nimeshaisafisha.

— Nimeelewa, mdogo wangu.

Alitazama ule upande mtupu wa barabara, halafu akawageukia wote.

— Sasa amekwenda wapi?

Karani alitafuta methali hadi dada alipoondoka na gari, asiipate.

Gundi alifariki miaka miwili baadaye, na Karani mwaka uliofuata. Mkasi yu hai, na muuza kahawa pia. Fundi Waya yu hai, ila magari yenye sensa huwapa mafundi wengine. Dada yu hai. Watoto wanakula kwake, na gari analo bado, ila huliegesha pale tu anapoweza kutoka kwa kwenda mbele. Shemeji, katika daftari la ukoo, ana tarehe ya kuzaliwa. Nafasi ya pili mke wa Waya ameiacha wazi.